Hawakutegemewa kuzeeka

Basi la kutoka Dar es Salaam likishaipita Mikumi na bonde la mibuyu, huingia Ruaha Mbuyuni kabla halijaanza kuuparamia mlima Kitonga. Abiria wengi wanapajua kupitia dirishani tu: nyavu za vitunguu vyekundu zilizoinuliwa hadi usawa wa kioo, joto linalowavua masweta watu wa Iringa, bei inayoporomoka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Ni kata ya Wilaya ya Kilolo, mlangoni mwa Mkoa wa Iringa, na maji ya Ruaha Mkuu ndiyo yanayoyaweka hai mashamba yake ya vitunguu. Malori ya kwenda Tunduma, na kutoka huko Zambia na Kongo, hupita mchana na usiku.

Mahali pa namna hii, penye barabara kuu, fedha za msimu na wageni wa usiku mmoja, paliandikwa sana katika miaka mibaya ya UKIMWI. Kwenye semina paliitwa maeneo hatarishi, na waliotajwa walikuwa wale wale: dereva wa lori, mhudumu wa baa, mnunuzi aliyekuja na fedha za kukusanyia mzigo. Wote vijana. Hadithi yao ilikuwa na mwisho mmoja, nao ulikuwa kaburi. Kilichofuata hakikuandikwa kwa bidii ile ile. Wengi hawakufa. Wamejenga, wamezika wenzao, wamepata wajukuu, na sasa magoti yanawauma.

Nyanda za Juu Kusini ndiko mzigo wa VVU ulikopiga kambi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 uliikuta Njombe na asilimia 11.4 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Ule wa mwaka 2022/23 ukaja na Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, huku kiwango cha nchi nzima kikiwa asilimia 4.4. Anayezisoma namba hizi kwa haraka husema watu wa kusini hawasikii. Mimi sizisomi hivyo. Kiwango cha maambukizi ni hesabu ya walio hai, marehemu hahesabiwi. Zamani namba ilishuka pia kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Leo mtu anameza dawa yake, anabaki, na namba inabaki naye. Sehemu ya ile asilimia 11 ya Iringa ni wazee ambao mwaka 2003 tungekuwa tumeshawasahau.

Na hata kuhesabiwa kwenyewe walikungoja. Tafiti tatu za mwanzo za kitaifa, ya 2003/04, ya 2007/08 na ya 2011/12, zilipima damu za watu wa miaka 15 hadi 49. Ukifikisha 50 ulikuwa umetoka kwenye ugonjwa, angalau kwa mujibu wa karatasi. Nadhani hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba hakuna aliyetegemea mgonjwa wa UKIMWI afike huko.

Kuna utafiti mmoja uliofanyika upande wa Mbeya, kwenye barabara hii hii, ambao kila nikiukumbuka hunipa baridi. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwaandikisha wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa za miji midogo ya njiani, wakawa wanawaona kila baada ya miezi 3. Walipowapima mara ya kwanza, wanawake 68 katika kila 100 walikuwa na virusi. Rais Benjamin Mkapa alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999. Dawa za bure hazikuwapo. Huko Ulaya na Marekani dawa za mchanganyiko zilikuwapo tangu mwaka 1996, kwa gharama ya zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka, bei ambayo mhudumu wa baa wa barabara ya Tunduma asingeweza hata kuiota.

Bila dawa, virusi humwangusha mtu baada ya miaka 10 hivi kwa wastani. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza mchanganyiko wake wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Mwaka 2003 Marekani ikaanzisha PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza kutoa dawa hizi, ARV, bure, kwanza kwenye hospitali kubwa. Kwa hiyo katika kizazi kile kulikuwa na mashindano ya mbio kati ya miaka 10 ya virusi na mwaka 2004. Aliyeambukizwa mwaka 1990 kwa kawaida alishindwa. Aliyeambukizwa mwaka 1998 alikuwa na nafasi.

Tumchukue mwanamke wa kukisia, kwa kuwa wa kweli wana haki ya siri yao. Amezaliwa mwaka 1972 huko milimani. Mwaka 1996 anashuka Ruaha Mbuyuni kufanya kibarua cha vitunguu, baadaye anawapikia wasafiri. Mwaka 1998 anaambukizwa, pengine na mumewe halali, maana kibao cha "hatarishi" hakikuwahi kuuliza vyeti vya ndoa. Mwaka 2005 anapima akiwa mifupa mitupu. Wakati huo dawa waliruhusiwa hasa waliokwisha kudhoofika, ambao kinga yao, ile CD4, imeshuka chini ya 200. Mwenye 300 aliambiwa asubiri. Anapanda Kitonga kuifuata dawa, anarudi nayo ndani ya khanga. Mwaka 2025 ana miaka 53, na siku zaidi ya 7,300 kati ya hiyo amemeza vidonge.

Lakini vidonge gani? Hapa ndipo wazee wa CTC, kliniki za tiba na matunzo ya VVU, wanapotofautiana na vijana walioanza juzi, na hapa ndipo daktari kijana anatakiwa asikilize. Dawa ya kwanza ya walio wengi ilikuwa na stavudine ndani yake, asubuhi na jioni. Iliwaamsha watu kitandani, hilo halina ubishi. Lakini ilichoma nyayo usiku, ikala mafuta ya mashavu, ikakausha mikono na makalio, ikamwachia mtu tumbo. Mtu alipona, halafu dawa ile ile ikamwandikia ugonjwa usoni. Kijijini walijifunza kuusoma uso huo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziachane na stavudine, lakini ganzi ya miguu na yale mashavu havikuondoka kwa wote. Kisha ikaja efavirenz ya kumeza usiku, na ndoto zake: watu waliota wanaanguka, wanafukuzwa, wanazungumza na marehemu. Tangu mwaka 2019 ni kidonge kimoja chenye dolutegravir, kidogo, saa yoyote, hakina vituko. Bei yake kwa manunuzi ya Mfuko wa Dunia ilishuka mwaka 2023 chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Wengi wamenenepa nacho. Mwanamke aliyewahi kuchekwa kwa wembamba hakimbilii kulalamika kuwa kilo zimezidi, na mtu mzima wa Nyanda za Juu akiambiwa apungue mwili anaweza akadhani anatukanwa.

Katikati ya safari hiyo kulikuwa na mwaka 2011 na kikombe cha Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akiwanywesha watu dawa ya mti kijijini Samunge kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikawa ya kilomita. Wapo waliorudi wakaziweka ARV pembeni, na wapo waliokufa kwa ajili hiyo. Ni rahisi kuwacheka leo. Ila kwa mtu aliyeambiwa atameza dawa hadi kufa, wakati huo dawa yenyewe ikimchoma nyayo, kikombe kimoja cha kumaliza yote kilikuwa na mvuto ambao mzima haujui. Wenye miaka 20 kwenye dawa leo ni pamoja na wale ambao hawakwenda, na wale waliokwenda wakarudi kliniki kimya kimya, nao wauguzi wakawapokea bila kuuliza sana.

Kwa hiyo huyu mama wa miaka 53 virusi vyake vimefubaa. Kwenye utafiti wa 2022/23, kati ya Watanzania waliokuwa wakitumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Mtu aliyefikia hapo na kudumu hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa kipimo cha CTC ameshinda. Kadi yake ni safi, tarehe zake hazina utoro.

Tatizo ni kwamba virusi vilivyolala havijatoka. Vimejificha, na mwili unajua. Kinga ya mtu mwenye VVU hukaa kama mlinzi wa ghala ambaye hajalala miaka 20: kila kishindo anarusha mawe, na mawe mengine yanavunja madirisha ya mwenye ghala. Mawe hayo ndiyo uvimbe mdogo mdogo wa ndani, usioonekana, unaochakaza mishipa ya damu. Hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi kwa mwenye VVU imekadiriwa kuwa kama mara 2 ya asiye navyo. Tenofovir, iliyomo kwenye kidonge cha sasa, inataka figo ziangaliwe na hupunguza uzito wa mifupa, na mwanamke akikoma hedhi mifupa inapungua tena. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, humpata mwenye VVU kwa uwezekano wa mara 6 ya asiye navyo. Hapo niwape CTC haki yao: kipimo cha mlango wa kizazi, kile cha siki, wamekiingiza kwenye huduma zao, na mwanamke wa CTC anaweza kukipata kwa urahisi kuliko jirani yake asiye na virusi.

Moyo na figo ndiyo kazi iliyobaki. Na ugonjwa wa uzee kwa mtu wa kijijini haufiki na jina. Mgongo unauma, lakini amepanda vitunguu miaka 25 akiwa ameinama, nani asiyeumwa mgongo? Anatoka jasho usiku. Ruaha Mbuyuni kila mtu anatoka jasho usiku. Anasahau; ni uzee. Kila dalili ina maelezo ya karibu, na maelezo ya karibu ndiyo yanayomchelewesha.

Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliowafuatilia watu 7,769 wenye VVU, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, Uganda ikiwamo. Nusu yao walipewa kidonge cha kila siku cha kushusha mafuta ya damu, hata kama vipimo vyao havikuwa vibaya. Mashambulizi ya moyo, viharusi na mengine ya jamii hiyo yalipungua kwa asilimia 35. Ni habari ambayo ingestahili kelele. Lakini mwaka uliofuata sindano ya kinga ya lenacapavir, iliyojaribiwa kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 Uganda na Afrika Kusini, ndiyo iliyojaza vichwa vya habari, kwa haki kabisa, maana hakuna hata mmoja kati ya waliodungwa aliyeambukizwa. Ujana una bahati ya kuandikwa. Kidonge cha moyo cha bibi hakina picha nzuri ya ukurasa wa mbele.

Mabango nayo ni hivyo hivyo. Kondomu iko mikononi mwa kijana mwenye fulana, ujumbe uko kwa "vijana, nguvu kazi ya taifa". Muuguzi wa miaka 26 anamwamkia mteja wake, "Shikamoo bibi," anajibiwa, "Marahaba mwanangu," na baada ya hapo anapaswa kumuuliza kama ana mwenza na kama wanatumia kinga. Wengi wanalipita swali hilo, kwa adabu. Mjane aliyeolewa tena akiwa na miaka 55 haulizwi. Mzee wa kiume aliyedhoofika anapimwa malaria, anapimwa presha, anaandikiwa vitamini. Kumwambia "mzee, tupime na VVU" kunaonekana kama kumvunjia heshima, naye anafika CTC amechelewa kama watu wa mwaka 2005. Heshima yetu kwa wazee, ambayo naipenda, hapo inaua.

Kuna siri pia, na siri hii haikuzeeka. Mama aliyejiweka wazi kwa mumewe mwaka 2005 hajawaambia wakwe wa binti yake. Mbali na mumewe, kopo la vidonge analifahamu dada yake peke yake. Sasa amepata kisukari, anakwenda kliniki ya sukari siku nyingine, chumba kingine, kwa daktari mwingine, na hasemi anatumia nini. Anaandikiwa metformin. Dolutegravir huongeza kiwango cha metformin mwilini, ndiyo maana mtu anayetumia zote mbili hatakiwi kuvuka miligramu 1,000 kwa siku. Daktari wa sukari hawezi kulizingatia asilolijua. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia vivyo hivyo: vikimezwa pamoja na dolutegravir huipunguza nguvu, navyo ni vitu ambavyo mtu mzima hujinunulia mwenyewe. Unyanyapaa tulizoea kuupima kwa matusi na kufukuzwa nyumba. Kwa mzee unaweza kuwa umo kwenye dozi.

Kenya wanamjua Asunta Wagura, aliyeambiwa mwaka 1987, akiwa mwanafunzi wa uuguzi, kwamba amebakiwa na miezi 6. Aliunda chama cha wanawake wenye VVU, KENWA, na zaidi ya miongo miwili baadaye alikuwa bado anaandika gazetini habari za maisha yake na wanawe. Kwetu vyama kama SHDEPHA+ vilianza miaka ya 1990, na konga za WAVIU, mitandao ya watu wanaoishi na VVU, ziko wilayani hadi leo. Zilianzishwa kudai dawa, zikazipata. Ajenda ya presha na figo bado inaonekana kama mambo ya watu wengine.

Sera nazo zina umri wake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimwita mzee aliyefikisha miaka 60, na matibabu bila malipo yanamlenga mzee huyo asiyejiweza, ingawa dirisha la wazee na dawa zilizopo dirishani ni vitu viwili tofauti. Mwanamke wetu atafikisha 60 mwaka 2032. Kwa moyo na mifupa yake, uzee umemtangulia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kwa mtu huyu ndiyo yenye maana kuliko tamko lolote la Siku ya UKIMWI, kwa kuwa maradhi yanayomngoja hayamo kwenye fungu la UKIMWI.

Fungu lenyewe liliyumba. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na kliniki nyingi Tanzania zikaamka bila watu waliokuwa wakilipwa na miradi: makarani wa takwimu, waelimishaji rika, wahudumu wa kufuatilia watoro nyumbani. Kwenye mikoa kama Iringa, ambako PEPFAR ilikuwa imebeba mzigo kwa zaidi ya miaka 20, pengo hilo halikuhitaji kuelezwa. Serikali ina Mfuko wake wa UKIMWI, ulioundwa kwa sheria mwaka 2015, na mjadala wa kuujaza umepata uharaka ambao haukuwa nao. Nimewasikia watu wakisema wazee watavumilia, wamezoea shida. Wamezoea, ndiyo. Lakini wao ndio waliozikumbuka tarehe miaka 20, na akili ikianza kusahau ndipo mtu wa kuwapitia nyumbani anapohitajika zaidi.

Siku ya kliniki huyu mama anapimwa uzito na kupewa dawa zake. Kwa kuwa ni mteja mzuri, virusi vimefubaa, anaweza kufungiwa vidonge vya miezi 6 kwa mkupuo, bure, asipoteze nauli. Presha yake ikipimwa siku hiyo na kukutwa iko juu, ataandikiwa dawa ya kununua. Msimu wa vitunguu ukiwa mzuri atanunua ya mwezi mzima. Ukiwa mbaya, atamwomba muuza duka amkatie vidonge 10, na kikiisha kile cha kumi atasubiri lori la mnunuzi.